Mlango wa Mama Mkwe, Sehemu ya Saba: Jiwe la Kusugulia Miguu

Siku ile mjinga alikuwa Stempu mwenyewe, na naomba tusipoteze muda kumtafuta mwingine.

Tulimwacha koridoni, mbele ya mlango mpya wa choo, kishikio cha rangi ya dhahabu kimemkatikia mkononi kama biskuti. Kishikio cha pili, pamoja na kile chuma cha mraba kinachoviunganisha viwili hivyo, kilikuwa kimeangukia upande wa ndani. Kling!

Na huko ndani alikuwamo mama mkwe wake.

Kama wewe ni mgeni katika mkasa huu, sogea nikupe kwa ufupi. Stempu ni karani; jina hilo amelipata kwa miaka ishirini na miwili ya kugonga mihuri. Mama mkwe ni mkunga mstaafu, amevunjika nyonga, anatembelea fimbo. Ukarabati wote ule, chumba na choo chake, ulikuwa kwa ajili yake. Leo saa nane mchana shemeji mtu, kaka wa mkewe, anakuja kukagua. Nyumba ikiwa haifai, anamchukua mama akaishi kwake, ghorofa ya tatu.

Mkewe alipokuwa anatoka kwenda zamu asubuhi, alimtazama Stempu kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akasema, "Mama akiondoka leo, mimi na wewe tutaongea kwa barua."

Saa ilikuwa sita na robo.

"Mama?" Stempu aliita, mdomo ameubandika kwenye tundu la kitasa. Kisha akaubandua haraka. Tundu la mlango wa choo alimo mkweo si mahali pa kusogeza uso.

"Nipo, mwanangu. Ulidhani nimepitia kwenye bomba?"

"Samahani, mama. Mme... ume... yaani, uko sawa? Umejisitiri?"

"Nimejisitiri tangu saa sita kasoro. Nimeshanawa mikono mara tatu kwa kukosa shughuli. Fungua mlango."

"Nafungua, mama."

Akachomeka bisibisi kwenye kile kitundu cha mraba, akazungusha. Ndani ya kitasa kitu kikasaga, kikapasuka, kisha bisibisi ikaanza kuzunguka bila kushika chochote, laini kabisa, kama kijiko kwenye kikombe cha chai.

"Hiyo sauti ni ya kufungua au ya kuharibu?" mama mkwe akauliza.

Stempu alikuwa anampigia simu Injinia.

Injinia ndiye kontrakta aliyeutia mlango ule wiki iliyopita. Mtu wa miwani ya jua, fulana iliyopigwa pasi na simu yenye picha arobaini za kazi zake. Akapokea mlio wa kwanza.

"Bosi wangu! Mlango unaendeleaje?"

"Haufunguki!"

"Aa, hiyo kawaida. Mlango mpya lazima ujizoeshe."

"Ujizoeshe nini? Mkwe wangu yumo ndani!"

"Basi mwambie asiushike kwa hasira. Jumatatu nakuja kumalizia, nitaupitia."

Simu ikakatwa.

Hapo damu ikampanda Stempu. Akavua saa, akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha bega la kulia. Amewaona watu wakifanya hivyo kwenye filamu, na kwenye filamu hakuna anayeumia.

"Mama, kaa mbali na mlango. Nauvunja!"

"Nikae mbali wapi, mwanangu? Choo chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote. Na mlango unafunguka huku ndani. Ukiuvunja unaniangukia mimi. Nyonga ya pili nayo unaitaka?"

Bega likashuka lenyewe.

Ndipo Stempu alipomkumbuka Mama Randa. Akatamani asingemkumbuka.

Mama Randa ni fundi seremala wa mtaa wa pili, mwanamke mpana wa mabega, penseli haitoki sikioni. Siku kumi na mbili kabla, alisimama koridoni palepale na futi yake, akasema mambo matatu. Kwanza, mlango wa choo cha mgonjwa ufunguke nje, ili akianguka asiuzibe kwa mwili wake. Pili, mlango mzito namna ile uwe na bawaba tatu. Tatu, kile kitasa cha dhahabu ni cha kupendezea macho, ndani yake ni bati.

Stempu alikataa yote matatu. Mlango ukifunguka nje ungegonga kabati lake la vioo. Na kabati lile ndilo limebeba makombe yake: Karani Bora, Karani Bora tena, Karani Mwenye Nidhamu, na moja la mashindano ya kuvuta kamba ambalo alilipata kwa kuwa mtu wa akiba.

"Wewe una picha za kazi zako?" alimuuliza siku ile.

"Sina picha. Nenda pale zahanati, mlango wa chumba cha sindano. Niliutia miaka sita iliyopita. Usukume kwa kidole kimoja, halafu uje tuongee."

Stempu hakwenda. Alimchukua mwenye picha.

Simu ikalia mkononi. Mkewe.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko msalani," akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kweli.

"Hajambo?"

"Hajambo kabisa. Ametulia."

"Mbona unahema?"

"Nafagia."

"Unafagia? Nikirudi nitajua," akasema mkewe, akakata.

Stempu akajikaza kisabuni, akampigia Mama Randa.

"Fundi, shikamoo."

Ujue wamezaliwa mwaka mmoja. Mama Randa akacheka hadi akakohoa.

"Leo napewa shikamoo! Nani amefungiwa?"

"Umejuaje?"

"Karani, mtu haamkii fundi aliyemfukuza ila mlango umembana. Nani?"

"Mkwe."

Kicheko kikakatika. "Usiguse kitu. Nakuja."

Akaja na mfuko wa turubai begani. Aliingia mlango wa mbele, akasimama kizingitini, akakitazama kitasa cha pale kwa muda. Nacho kilikuwa cha dhahabu, nacho kazi ya Injinia. Akapita hadi koridoni, akapiga magoti mbele ya mlango wa choo, akaingiza kidole kwenye tundu na kukitoa kina unga wa kijivu.

"Unaona huu? Ndiyo roho ya kitasa chako. Umeisaga."

"Sasa tufanyeje?"

"Kwanza salamu. Mama, shikamoo! Ni fundi hapa."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyesema mlango ufunguke nje?"

"Ndimi, mama."

"Nilikusikia siku ile nikiwa chumbani. Nikasema moyoni, huyu ana akili. Halafu nikamsikia mkwe wangu akiongelea makombe."

Stempu akatazama dari. Dari haikuwa na msaada wowote.

"Mlango ungefunguka nje," Mama Randa akamwambia bila kupaza sauti, "bawaba zingekuwa huku kwetu. Ningechomoa pini dakika mbili, nikauweka pembeni. Sasa ziko kwake. Huyo Injinia wako, ulimuuliza anwani ya kazi yake hata moja?"

"Alinionyesha picha."

"Picha gani?"

Stempu akatafuta kwenye simu. Mama Randa akatazama ya kwanza, ya pili, akaganda kwenye ya tatu. Mlango wa mbao nyekundu, ukuta mweupe, na pembeni bango la kuhimiza watoto wapelekwe chanjo.

"Karani."

"Naam."

"Huu ndio mlango wangu wa zahanati."

Ndani ya choo kukasikika kicheko, kwanza cha puani, kisha cha kifuani, kisha fimbo ikawa inagonga sakafu.

"Mkwe wangu!" mama aliita. "Ulimfukuza mwenye mlango, ukamwajiri mwenye picha yake!"

Kuna vicheko vinavyomfanya mtu atamani kuingia chini ya zulia. Koridoni hakukuwa na zulia. Injinia alikuwa amelitoa na hajalirudisha.

"Haya, mama, tufanye kazi," Mama Randa akasema. "Bawaba ziko ngapi huko?"

"Moja juu, moja chini."

"Ya katikati?"

"Katikati pana mbao tupu."

"Nilitarajia. Leo wizi wake unatufaa: una mbili tu za kushughulika nazo. Kila bawaba ina pini, kichwa chake kiko juu kama cha msumari. Unakiona?"

"Nakiona."

"Chukua kile kishikio kilichoanguka, chenye chuma cha mraba. Weka ncha ya chuma chini ya ukingo wa kichwa cha pini, halafu gonga kuelekea juu. Una kitu kizito huko?"

"Nina fimbo."

"Nyepesi, na unaihitaji kusimamia. Kingine?"

Vitu vikahamishwahamishwa. "Lipo jiwe langu la kusugulia miguu."

"Kubwa?"

"Mwanangu, nimetembea wodini miaka thelathini na moja. Unadhani miguu yangu inasuguliwa na kokoto?"

"Safi sana. Ila usiguse bado! Pini zikitoka, mlango hauna kinachoushika, utalala juu yako. Ngoja tuufunge kwanza."

Akatoa kulabu mbili nene, akazikaza kwa skrubu kwenye uso wa mlango upande wa bawaba, akapitisha kamba, akamkabidhi Stempu ncha yake.

"Vuta kuja kwako, usilegeze. Mlango unataka kuangukia ndani, wewe unaukatalia. Nikisema legeza, unalegeza shibiri moja. Nikikaa kimya, unakufa na kamba mkononi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Hilo kombe la kuvuta kamba, ulivuta kweli?"

"Nilikuwa akiba."

"Mungu wangu. Haya, leo umeingia uwanjani. Mama, anza na ya chini. Kaa kwenye kiti chako cha kuogea, usiiname kutoka kiunoni."

Ko! Ko! Ko!

Jiwe likagonga kishikio cha dhahabu, ambacho kwa mara ya kwanza tangu kitoke dukani kilikuwa kinafanya kazi.

"Inasogea?"

"Inasogea kama mtoto wa kwanza," mama akajibu, "taratibu na kwa kelele. Sukuma, sukuma... Imetoka!"

Kamba ikavuta kidogo. Stempu akakanyaga sakafu kwa vidole.

"Pumzika kwanza, mama. Una kiu?" Stempu akauliza. Alikuwa amelala karibu nusu sakafuni, kamba imemzunguka kiganja, anazungumza kupitia upenyo wa chini ya mlango.

"Nina bomba humu, mwanangu. Kiu ndicho kitu pekee ambacho sina." Kisha, kwa sauti nyingine, "Lakini asante kwa kuuliza."

Mama akasimama. Wakasikia fimbo, wakasikia pumzi yake ikipanda. Ko! Ko! Pini ya juu ilikuwa kaidi. Ko! Akapumzika. Ko!

Na hapo ndipo honi ilipolia nje.

Stempu akaitazama saa ya ukutani. Saba na nusu. Shemeji hajawahi kuwahi popote maishani mwake. Hata harusi yake mwenyewe alikuta watu wanakunywa soda. Leo amewahi nusu saa nzima.

Viatu vikaja koridoni, kwa, kwa, kwa. Shemeji akatokea na manukato yake, funguo za gari zikizunguka kidoleni. Akamwona fundi wa kike amepiga magoti na kabari mkononi. Akamwona shemeji yake ameegemea nyuma, anavuta kamba iliyofungwa kwenye mlango wa choo.

"Shemeji, unavua samaki?"

"Usinisemeshe."

"Mama yuko wapi?"

"Niko huku!" mama akaita kutoka ndani, na kwa neno hilo akapiga pigo la mwisho. Pini ikaruka.

Mlango ukaachia.

"Mmemfanya nini mama yangu!" Shemeji akapiga kelele, akamrukia Stempu na kumshika bega.

Sasa, msomaji, fikiria mwenyewe. Mlango mzito unaelemea ndani. Nyuma yake kuna mwanamke wa miaka sabini na moja mwenye nyonga moja nzima. Kamba inachoma viganja. Na kuna shemeji mwenye manukato ananing'inia begani. Stempu akavuta kwa nguvu zote alizonyimwa nafasi ya kuonyesha kwenye yale mashindano, akarudi nyuma hatua moja, mbili, mgongo ukalipata kabati.

Kioo cha kwanza kikapasuka. Karani Bora akaanguka. Karani Bora tena akamfuata. Mwenye Nidhamu akadunda mara mbili, akapoteza masikio yote.

Kamba haikulegea hata nukta.

"Mwachie!" Mama Randa akamfokea Shemeji. "Huyo ndiye aliyemshikia mama yako mlango! Karani, shibiri moja. Legeza. Nyingine. Mama, jibane kwenye sinki."

"Nimejibana."

Ulimi wa kitasa ukachomoka kwenye fremu. Mama Randa akaingiza mikono yake miwili, akaudaka mlango ubavuni, akauegemeza ukutani taratibu kama mtu anayelaza mgonjwa.

Mama mkwe akatoka. Kilemba kimekaa sawasawa, fimbo mkono wa kushoto, jiwe la miguu mkono wa kulia. Akatazama vioo sakafuni. Akaitazama mikono ya mkwewe, ngozi imechunika, kamba bado ameikamata.

"Sasa unaweza kuiacha, mwanangu," akamwambia.

Stempu akagundua hawezi. Vidole vilikuwa vimegoma. Mama Randa ndiye aliyevifungua kimoja kimoja, huku akitoa masharti.

"Narudia kazi hii kuanzia leo. Mlango unafunguka nje, bawaba tatu, kitasa nachagua mimi. Na kabati linahama."

"Kabati lipi?" Stempu akauliza, akitazama vipande. "Lihame."

"Hamna haja ya masharti," Shemeji akadakia, amejikung'uta, sauti imerudi. "Nimeona ya kutosha. Mlango wa choo tu umewashinda! Mama, nguo zako ziko wapi? Tunaondoka."

"Shemeji, ni kosa langu, nalirekebisha leo leo," Stempu akasema.

"Utarekebisha mangapi? Mama yangu si wa kufanyiwa majaribio."

"Kuna lingine," Mama Randa akasema polepole, "na heri niliseme wote mkiwepo. Karani, kile kitasa cha mlango wa mbele. Injinia alikupa funguo ngapi?"

"Mbili. Mimi mmoja, mke wangu mmoja."

"Ulifungua boksi wewe?"

"Alikuja nacho kimeshafunguliwa."

Mama Randa akachomoa penseli sikioni, kisha akairudisha. "Nimeuza na kutia vitasa vya aina hii. Ndani ya boksi zinatoka funguo tatu."

Kipande cha kioo kilichokuwa kimening'inia kabatini kikachagua wakati huo kuanguka.

"Mmeona!" Shemeji akapiga makofi kama aliyeshinda kesi. "Ufunguo wa nyumba uko mfukoni mwa tapeli! Na Jumatatu anarudi! Mama, huwezi kulala hapa hata siku moja. Kwangu kuna geti, kuna mlinzi, kila mlango una kitasa cha maana. Shemeji, bisha."

Stempu akamtazama mama mkwe, akaanza kuitunga kichwani ile barua ya kwanza kwa mkewe.

Mama akavuta kiti cha koridoni, akakielekeza kwenye mlango wa mbele, akaketi, akalaza fimbo mapajani.

"Mwanangu," akamwambia Shemeji, "mwaka jana nilikaa kwako siku tisa. Milango yako yote inafunguka vizuri sana, na hakuna siku hata moja uliyoufungua wa kwangu kuniuliza kama nina kiu. Hapa mlango umegoma saa moja na robo, na kuna mtu amevunja makombe yake asiiachie kamba. Rudi kwako. Huyo mwenye ufunguo wa tatu mwacheni aje nao. Atanikuta nimekaa papa hapa, na jiwe langu mkononi."